Tarumbeta la mtumba hununuliwa kwenye vali

Mpiga tarumbeta wa vikundi vya harusi vya Dar es Salaam hafanyi kazi ameketi. Jumamosi yuko juu ya pikapu, jua la saa nane limemkalia utosini, anapuliza kutoka kanisani hadi ukumbini huku dereva akikwepa mashimo. Jumapili asubuhi huyohuyo yuko kwenye kikundi cha matarumbeta cha usharika, anapiga nyimbo za ibada kwa sauti nne, polepole, mahali ambapo noti moja iliyopotoka inasikika hadi benchi la nyuma. Chombo kinachomudu kazi zote mbili kinaweza kuwa cha bei ya kawaida kabisa, mradi kiwe kizima.

Kijana ambaye ununuzi wake nauchambua hapa alikuwa na tarumbeta jipya, lisilo na jina linalojulikana, alilolinunua likiwa bado kwenye nailoni. Haikupita miaka mingi vali zikaanza kukwama zikibonyezwa, na noti za juu zikawa zinamtoa jasho kuliko zamani, ingawa alikuwa amezidi kufanya mazoezi. Alichonunua badala yake ni Yamaha YTR-2335, modeli ya wanafunzi, iliyokwisha kupigwa Ujerumani na kuja huku ndani ya shehena ya vyombo vya kanisa. Vanishi imebabuka palipokuwa panashikwa na mkono wa kushoto, na domo la mbele lina mbonyeo wa ukubwa wa kidole gumba. Wenzake walimcheka: ameacha kipya, amenunua cha shule, tena mtumba. Mimi nasema amepanda daraja, na sababu zake zinapimika.

Tuanze na neno hilo "cha shule". Kipenyo cha ndani cha bomba la Yamaha hiyo ni milimita 11.65. Kile cha Bach Stradivarius 180 ya kawaida, tarumbeta linalopigwa kwenye okestra nyingi za Marekani, ni milimita 11.66. Midomo yao ya mbele nayo inakaribiana, yote ikiwa na upana wa sentimita 12 na kidogo. Tofauti ipo, lakini iko kwenye namna ya kutengeneza: domo la Bach hufuliwa kwa nyundo kutoka bamba moja la shaba, la Yamaha ya wanafunzi huunganishwa vipande viwili, na bomba la kupulizia lina mteremko wake wa ndani ambao kila kiwanda kinaulinda. Tofauti hizo humnufaisha mtu ambaye sauti yake imeshakomaa. Anayepigana na vali zinazokwama hawezi hata kuzisikia.

Tarumbeta la Si bemoli, liwe la bei gani, ni bomba la takriban meta 1.48 na vali tatu. Vali ya pili inaongeza urefu wa kushusha nusu toni, ya kwanza toni moja, ya tatu toni moja na nusu. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza ya vali huko Prussia mwaka 1818, na pistoni tunayoibonyeza leo inafuata muundo wa François Périnet wa Paris wa mwaka 1839. Tangu hapo mabadiliko yamekuwa madogo. Kwa mnunuzi wa mtumba hii ni habari njema sana, maana tarumbeta la miaka 40 halijapitwa na teknolojia kama simu au kompyuta ya umri huo. Linachakaa tu, na uchakavu wake una mahali maalumu pa kuutafuta.

Mahali penyewe ni kati ya pistoni na silinda yake. Nafasi iliyopo hapo kwenye chombo kizuri ni sehemu chache za mia za milimita moja, ndogo kiasi kwamba utando mwembamba wa mafuta unatosha kuziba hewa isipite. Silinda ikitanuka au pistoni ikilika, hewa inavuja kutoka tundu moja kwenda jingine. Mpigaji haoni kitu. Anachoona ni kwamba noti inachelewa kuanza akiipiga taratibu, noti za juu zimekonda, na midomo inachoka mapema. Atalaumu kipulizio, atalaumu meno yake, atalaumu chakula cha mchana. Kijana wetu alikuwa amefika kwenye kulaumu mapafu.

Kipimo cha uvujaji hakihitaji mashine. Kwanza fungua vali zote, futa pistoni na ndani ya silinda kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka mafuta mepesi ya vali uliyokuja nayo mwenyewe. Hatua hii usiiruke hata muuzaji akikunja uso, kwa sababu mafuta mazito huziba nafasi iliyochakaa na kulifanya tarumbeta lililochoka lionekane zima kwa muda wa kutosha kulilipia. Paka pia grisi kidogo kwenye mabomba ya kuvuta, usije ukaihukumu vali kwa kosa la bomba. Sasa, bila kubonyeza chochote, shika bomba fupi la vali ya pili na ulivute haraka hadi litoke. Vali ikiwa juu, ncha zote mbili za bomba hilo zimezibwa na ukuta wa pistoni. Hewa haina pa kuingilia isipokuwa kwenye ile nafasi ndogo kati ya pistoni na silinda. Likitoka kwa mlio wa "po!", nafasi ni ndogo. Likitoka kimya, umeshapata jibu. Kwa vali ya kwanza na ya tatu, vuta bomba sentimita mbili hivi, lishikilie kidogo, kisha liachie: linapaswa kurudi lenyewe, kama bomba la sindano lililozibwa mdomo kwa kidole. Lisiporudi, hewa imekwisha kuingia wakati umelishikilia.

Yamaha ililia "po". Bomba la vali ya kwanza lilirudi lenyewe. La vali ya tatu halikupimika siku hiyo, kwa sababu lile bomba refu lilikuwa na shida yake nyingine tutakayoifikia.

Baada ya hewa, tazama ngozi ya pistoni. Nyingi za Yamaha na Bach ni za moneli, aloi ambayo takriban theluthi mbili yake ni nikeli na sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba nyekundu. Haina koti la kubanduka. Watengenezaji wengine hupaka nikeli juu ya shaba, na koti hilo likiisha rangi ya njano inachungulia, hasa upande unaosukumwa na kidole. Mikwaruzo ya wima unayoihisi kwa ukucha ni mibaya zaidi kuliko madoa meusi, ambayo kwa kawaida ni uchafu wa mafuta. Kila pistoni ina nambari yake, 1, 2 au 3. Kwenye Yamaha na Bach nambari ya chombo chenyewe imegongwa kwenye silinda ya pili. Silinda ikiwa na nambari iliyokwanguliwa, uliza maswali, kisha ondoka hata kama umejibiwa vizuri.

Halafu bonyeza vali kwa pembeni. Maduka ya muziki hukuonyesha vali ikipanda na kushuka kwa kidole kilichotua katikati ya kitufe. Juu ya pikapu hakuna kidole kinachotua katikati. Sukuma kitufe kuelekea mbele, kuelekea nyuma, kwa haraka, vali ya pili na ya tatu zikipokezana. Tarumbeta jipya la kijana lilikuwa linakwama hapa. Silinda yake ya tatu haikuwa duara kamili, na hata pistoni nzuri ingekwama humo.

Vali ikishachakaa inaweza kurudishwa: pistoni hupakwa koti nene, kisha hulinganishwa na silinda iliyosawazishwa upya. Hiyo ni kazi ya karakana maalumu, na gharama yake inaweza kuizidi bei ya tarumbeta la wanafunzi. Ndiyo maana nasema fedha ya mtumba hulipwa kwenye vali. Mbonyeo hunyooshwa, vanishi haina kazi kwenye sauti ya pikapu, kiungo kilichoachia hulehemiwa, na zile felti ndogo zinazoizuia pistoni isigonge chuma hubadilishwa kwa bei ndogo. Felti nazo ziangaliwe: zikisinyaa, pistoni inasimama juu au chini ya mahali pake na tundu lake halikutani sawasawa na bomba. Toa bomba la vali ya pili, bonyeza vali, mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona mwezi mwandamo badala ya duara, felti zimekwisha.

Kabla ya Yamaha, kijana alionyeshwa chombo kingine, na habari yake inatupa sharti moja linalotangulia hata vali. Lilikuwa koneti la zamani la Kiingereza, limepakwa fedha, limechorwa maua domoni, vali zake zikiteleza kama zimetoka kiwandani jana. Koneti na tarumbeta vina urefu sawa wa bomba, na vikundi vyetu haviwabagui wapigaji wake. Kipimo cha "po" lilikipita kwa kishindo. "Mzee, hili ni la Ulaya, halina shida," muuzaji akaniambia, naye kwa upande wa ufundi hakudanganya. Lakini programu ya kutyuni kwenye simu ilisema kila noti iko juu kwa karibu nusu ya nusu toni, na bomba la kutyuni likavutwa hadi likakaribia kutoka kabla sauti haijashuka ya kutosha.

Bendi za shaba za Uingereza, pamoja na zile za Jeshi la Wokovu, ziliendelea kupiga kwa kipimo cha juu, La ya takriban hezi 452.5, hadi miaka ya 1960, wakati mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ulikuwa umependekeza 440. Tofauti hiyo ni senti 48 hivi, ambapo senti 100 ni nusu toni moja. Kwa urefu, koneti la kipimo cha juu limepungukiwa sentimita nne za bomba. Bomba la kutyuni lina miguu miwili, kwa hiyo kinadharia kulivuta sentimita mbili zaidi kungetosha. Ila mabomba ya vali nayo yalikatwa kwa kipimo kilekile kifupi, kila moja linataka kuvutwa kiasi chake, na lile la tatu ndilo linalotaka kingi kuliko mengine. Mpigaji wa peke yake angeweza kuishi na hayo. Kinanda cha usharika kimewekwa 440, na hakuna atakayekipandisha kwa ajili ya koneti moja. Kwenye vyombo vya zamani vya Kimarekani unaweza kukuta herufi zimegongwa karibu na vali, LP kwa kipimo cha chini na HP kwa cha juu. Vyombo vingi havina alama yoyote, basi simu ndiyo shahidi.

Namna ya kuitumia hiyo simu nayo ina ufundi wake. Ukipuliza huku unatazama sindano ya programu, midomo yako itasahihisha noti bila wewe kujua, na chombo kibovu kitafaulu mtihani kwa jasho lako. Fumba macho, piga noti katikati ya sauti yake, pale chombo kinapotaka kukaa, halafu fumbua usome. Afadhali mtu mwingine asome. Piga kivulini pia: hewa ya moto hupandisha sauti, na tarumbeta lililoachwa kwenye dashibodi ya gari litakusomea uongo.

Mi ya juu, ile inayopigwa bila vali yoyote, itashuka kidogo kwenye tarumbeta lolote, kwani ni mwangwi wa tano wa bomba na maumbile yameuweka senti 14 chini. Usiitumie kukataa chombo.

Itumie Re ya chini badala yake. Noti hii hupigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu pamoja, na hapo hesabu ya vali inapungukiwa. Kushusha toni moja kunataka bomba liongezeke kwa asilimia 12.2, toni moja na nusu, asilimia 18.9. Jumla ni 31.1. Lakini kushuka toni mbili na nusu kunataka asilimia 33.5. Pengo ni kama sentimita tatu na nusu za bomba. Do diezi, inayotumia vali zote tatu, inapungukiwa zaidi ya sentimita sita na kupanda kwa nusu ya nusu toni. Watengenezaji hupunguza pengo kwa kulirefusha kidogo bomba la tatu, na kilichobaki humalizwa na mpigaji mwenyewe: pete iliyo kwenye bomba la vali ya tatu huingia kidole cha mkono wa kushoto, naye hulisukuma nje anapofika kwenye noti hizo mbili. Wapigaji wengi wa harusi hawalijui bomba hilo kama kifaa cha kazi. Kwao pete ni mahali pa kushikia. Kwenye mwendo wa haraka wa barabarani hakuna atakayegundua, ila kwenye wimbo wa ibada sauti ya pili hutua juu ya Re ya chini na kukaa hapo mapigo manne.

Bomba la tatu la ile Yamaha lilikuwa limeganda. Halikutoka wala halikuingia, matokeo ya kulala kwenye sanduku miaka bila grisi. Hapa ndipo tulipovutana na muuzaji, kwa sababu yeye aliliona kama jambo dogo, "litalainika lenyewe ukipiga", na kijana alikuwa tayari ameshapenda. Bomba lililoganda mara nyingi hutoka: mafuta ya kupenya kwenye maungio, usiku mmoja wa subira, kisha kitambaa imara kinapitishwa kwenye pindo na kuvutwa kwa mshtuko ulionyooka. Mara chache halitoki bila moto wa fundi, na fundi asiyejua vyombo huyeyusha viungo vya jirani. Bei ya tarumbeta lenye bomba linalotembea na bei ya lenye bomba lililoganda haziwezi kuwa moja. Tulimwambia hela ipo, ila bomba litembee kwanza, na alishughulikie yeye. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limetoka. Kijana alilipa bei ileile aliyokuwa ametajiwa, jambo ambalo mimi nisingelifanya, maana muuzaji alikuwa amejiandaa kushusha.

Kulikuwa na hofu moja iliyobaki, nayo ni ya vyombo vilivyolala muda mrefu. Shaba ya njano ya tarumbeta kwa kawaida ni asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki. Mate yenye tindikali yakikaa ndani ya bomba la kupulizia huila zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu. Ukuta unaliwa kutoka ndani. Nje unaona vidoa vya waridi, mara nyingine vyenye kitone cheusi katikati. Mulika ndani ya bomba hilo baada ya kutoa bomba la kutyuni. Ukoko wa kijani huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ndefu, na chombo cha mtumba kioshwe hivyo kabla ya kukitia mdomoni hata kikiwa safi machoni. Vidoa vya waridi havioshwi. Bomba lenyewe hubadilishwa, na aliyejua mapema hupunguziwa bei. La kijana lilikuwa na ukoko tu. Zile sehemu za kahawia palipobabuka vanishi ni alama za jasho la mkono.

Mbonyeo wa domoni tuliuacha. Ungekuwa kwenye bomba la kupulizia au kwenye pindo la kwanza, ningeudai unyooshwe, kwa kuwa bomba likiwa jembamba mbonyeo mdogo huziba sehemu kubwa ya njia. Nilichokitafuta zaidi hapo ni meno ya koleo. Kipulizio kikiganda, kuna watu hukibana kwa koleo na kukizungusha, na bomba lote la kupulizia hujipinda pamoja na mihimili yake. Ukikuta alama za meno shingoni mwa kipulizio, tazama mihimili kwa upande, jicho moja limefumbwa.

Kijana alijaribu vyombo vyote vitatu, lake la zamani, koneti na Yamaha, kwa kujipangia sheria moja nzuri: kwa Yamaha na lake la zamani alitumia kipulizio chake kilekile, Bach 7C. Koneti lina shina jembamba na halikikubali, basi hukumu yake ilibaki kwa simu. Muuzaji alimpa kipulizio kipana kinachong'aa, na mtu akibadilisha chombo na kipulizio kwa pamoja hajui tena ni kipi kilichombadilishia sauti. Katika mpangilio wa Bach nambari ikipungua kikombe kinapanuka, na herufi zikisogea kutoka A kwenda mbele kikombe kinapungua kina. Kati ya 7C na 3C upana unatofautiana kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, na midomo inaujua.

Swali alilonibakizia ni kama angesubiri akusanye fedha ya Bach yenyewe. Vincent Bach alikuwa Mwaustria, mhandisi na mpiga tarumbeta, aliyeanzisha karakana yake New York. Mwaka 1961 aliiuza kwa Selmer, na utengenezaji ukahamia Elkhart, Indiana. Kwa hiyo kwenye soko la mtumba maandishi ya domoni yana bei yake peke yake: yanayosoma New York au Mount Vernon hununuliwa na wakusanyaji, na mpigaji wa pikapu hana sababu ya kushindana nao. Ya Elkhart yenye vali nzuri ni chombo cha kutamani kwa haki. Lakini Bach yenye vali zilizochoka ingemrudisha kwenye noti zinazochelewa kuanza, kwa bei kubwa zaidi. Nilimshauri aipige Yamaha hadi aweze kunieleza, kwa noti na si kwa jina, ni kitu gani inakataa kumfanyia. Wakati huo huo fedha aliyokuwa ameiweka kando kwa ajili ya vanishi mpya imekwenda kwenye felti, mafuta ya vali na sanduku lenye kufuli.